Fataki Zinazowashwa kwa Rimoti: Mambo ya Kujua Kabla ya Sherehe

Zamani kazi ya kuwasha fataki katika sherehe ilikuwa ya kijana mmoja jasiri, aliyeinama na kiberiti mkononi huku mguu mmoja umekwisha kugeuka tayari kwa kukimbia. Siku hizi katika harusi, vipaimara na mikesha ya mwaka mpya mshereheshaji husimama kando ya spika, akabonyeza kidude kinachofanana na ufunguo wa gari, na upande wa pili wa uwanja cheche zikapanda juu kama chemchemi. Wageni hupiga vigelegele. Ni wachache wanaouliza nini kimetokea kati ya kitufe na cheche, na wachache zaidi wanaouliza ni nani aliyeruhusu.

Makala haya yanajibu maswali hayo mawili. Yanawalenga wenye nyumba, kamati za sherehe, wapambaji, wenye kumbi na viongozi wa mitaa na vitongoji, kwa kuwa kifaa hiki kimepunguza hatari moja ya zamani na kuleta nyingine ambazo hatukuzizoea.

Desturi ya zamani, kifaa kipya

Tabora si mgeni wa mlio wa baruti katika shangwe. Katika karne ya 19, msafara uliotoka pwani ulipokaribia Kazeh au Kwihara, kirangozi alitangulia mbele na bendera, wapagazi wakavaa nguo walizozihifadhi kwa ajili ya siku hiyo, na wenye bunduki wakazifyatua hewani ili wenyeji wajue kwamba wageni wamefika salama na wamefika kwa fahari. Richard Burton na John Speke, walioingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, waliikuta desturi hiyo imekomaa. Miaka 14 baadaye Henry Stanley naye aliukaribia mji wa Ujiji kwa milio ya bunduki, na watu wakatoka kumlaki.

Nyingi za bunduki hizo zilikuwa gumegume, ambazo huwashwa kwa cheche ya jiwe. Zilizofuata zilitumia kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani yake, nacho kikaitwa fataki. Kwa hiyo katika Kiswahili fataki ilikuwa jina la kiwashio kabla haijawa jina la pambo la angani. (Wale waliosikiliza sana redio wanaijua fataki nyingine, ya mzee anayerubuni wanafunzi, hiyo tuiachie Jeshi la Polisi.)

Historia hiyo ya neno ina faida kwetu leo, maana wachimbaji wa madini nao huita fataki kile kifaa kidogo cha kulipulia baruti mwambani. Mkoa wetu una wachimbaji wa dhahabu, hasa upande wa Nzega na Igunga, na jina moja kwa vitu viwili laweza kumpoteza mtu. Fataki ya mgodini ina kilipuzi kikali kinachoweza kukata vidole au kuua hata kikiwa peke yake, bila baruti nyingine yoyote. Kiwashio cha fataki za sherehe hutoa mwali mdogo tu, kama njiti ya kiberiti. Vyote viwili vina nyaya mbili, na vyote viwili huwashwa kwa betri. Mtu asije akakiokota kimoja akidhani ni kingine. Ukiona kifaa chenye mkebe wa chuma au shaba wenye nyaya mbili, usikiguse, usikivute nyaya, na usikijaribu kwa betri. Waondoe watoto mahali hapo na utoe taarifa polisi kwa namba 112.

Umeme unavyofanya kazi ya kiberiti

Mfumo wenyewe una sehemu tatu. Ya kwanza ni rimoti, ambayo hutuma ishara ya redio yenye namba ya siri. Ya pili ni kipokezi, yaani kisanduku kinachokaa karibu na fataki kikiwa na betri zake na matundu ya kuunganishia nyaya. Kila tundu hutumikia fataki moja, na kisanduku cha kawaida huwa na matundu manne au kumi na mawili. Ya tatu ni kiwashio, ambacho hubanwa kwenye utambi au hutumbukizwa ndani ya fataki kiwandani.

Viwashio viko vya namna mbili, na tofauti yake ni kubwa katika matumizi. Namna ya kwanza ni njiti ya umeme: kiwaya chembamba kuliko unywele, kilichopakwa dawa inayoshika moto upesi. Umeme wa takriban nusu ampea ukipita humo, dawa hiyo hulipuka kwa mwali papo hapo. Namna ya pili ni kibanio cha plastiki chenye kiwaya kinachogeuka chekundu kwa joto na kuuchoma utambi wa kijani uliobanwa ndani yake. Hiki hakina dawa yoyote, hivyo ni salama zaidi kukihifadhi, lakini huchelewa. Kiwaya chahitaji sekunde moja hadi tatu ili kipate moto, kisha utambi nao una mwendo wake. Ucheleweshaji huo ndio unaowadanganya watu. Mtu hubonyeza, haoni kitu, akabonyeza tena, akadhani waya umechomoka, akaenda kutazama. Na wakati anainamisha uso, utambi unamaliza safari yake.

Betri chakavu huongeza hatari hiyo. Hazikatai kabisa kuwasha. Huwasha nusunusu, kiwaya kikapata joto lisilotosha, na dawa ikafukuta bila kushika. Kwa hiyo betri mpya ziwekwe katika kipokezi kila sherehe, na zile za redio ya sebuleni ziachwe redioni.

Faida ya mfumo huu ni ya kweli, na haifai kuidharau. Majeraha mengi ya fataki duniani humpata anayewasha, au mtoto aliye karibu naye, kwa sababu kiberiti humlazimu mtu kuinama juu ya mdomo wa bomba. Kitufe humweka mwashaji mita 20 au 30 kutoka hapo. Hata hivyo, kinachotoka katika bomba hakipungui nguvu kwa sababu kimewashwa kwa rimoti. Bomba likianguka ubavu baada ya risasi ya kwanza, zilizobaki zitaelekea kwa wageni, na hakuna kitufe cha kuzirudisha.

Ishara isiyotarajiwa

Rimoti nyingi za bei nafuu hutumia masafa ya megahezi 433 au 315. Masafa hayohayo hutumiwa na rimoti za mageti, kengele za milangoni, na vifaa vya kuzuia wizi wa magari na pikipiki. Kipokezi kilichotengenezwa vizuri hukubali namba ya siri ya rimoti yake pekee. Kile kibovu, au kile ambacho mwenyewe hakukioanisha upya na rimoti yake, hutoka kiwandani na namba ileile waliyopewa wenzake wa aina hiyo. Wapambaji wawili walionunua vifaa dukani kwa mtu mmoja, wakafanya kazi katika kumbi mbili zilizopakana usiku mmoja, wanaweza kuwashiana fataki bila kujua. Yule aliye bado anaunganisha nyaya ndiye atakayeumia.

Kuna kipimo rahisi ambacho fundi yeyote wa redio ataweza kukifanya, nacho kingefaa kuwa sharti la kila mkataba wa upambaji. Kabla ya kuunganisha kiwashio chochote, unganisha balbu ndogo ya tochi katika kila tundu la kipokezi. Washa kipokezi. Balbu ikimemeta hata mara moja wakati wa kuwasha swichi, kabla rimoti haijaguswa, kifaa hicho hakifai, maana siku ya sherehe kingewasha fataki mikononi mwa mtu. Kisha simama mahali utakaposimama usiku, gari zikiwa zimeegeshwa na muziki ukiwa umefunguliwa, ubonyeze tundu moja baada ya jingine. Umbali wa mita 100 unaoandikwa kwenye maboksi ni wa uwanja mtupu. Kuta za tofali, mabati na umati wa watu huupunguza sana.

Vifaa vya redio vinavyouzwa nchini vinapaswa kuwa vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Muulize muuzaji. Asiyeweza kujibu swali hilo huenda asiweze pia kukuambia namba za siri zinavyobadilishwa.

Mpangilio wa kazi ni huu, na haufai kupinduliwa. Fataki hupangwa kwanza mahali pake, ardhini, zikiwa zimefungwa kwenye mbao nzito au kuzungushiwa mifuko ya mchanga hadi nusu ya kimo chake. Nyaya hufuata. Wakati wote huo kipokezi hakina betri, na rimoti iko mfukoni mwa mtu mmoja tu, yule yule anayeunganisha, ili asipatikane wa kuibonyeza mgongoni pake. Betri hutiwa mwisho kabisa, watu wakiwa wamekwisha kuondoka. Baada ya onyesho, kipokezi huzimwa na betri hutolewa kabla ya mtu mwingine yeyote kukaribia. Fataki iliyokataa kuwaka huachwa kwa nusu saa nzima, kisha humwagiwa maji ya ndoo kutoka ubavuni, si kutoka juu ya mdomo wake. Haiwashwi mara ya pili kwa kiberiti. Hapo ndipo watu wanapopoteza macho.

Umbali wa watazamaji hutegemea aina ya fataki. Maboksi mengi yanayotoka China, ambako mji wa Liuyang katika jimbo la Hunan umekuwa kitovu cha kazi hii kwa karne nyingi, hubeba alama ya msambamba ya rangi ya machungwa. Iliyoandikwa 1.4G kwa kawaida huashiria fataki za watu wa kawaida, iliyoandikwa 1.3G ni ya wataalamu, na haifai kuonekana katika ua wa nyumba. Nchi za Ulaya hutaka watazamaji wakae angalau mita 8 kutoka fataki ndogo za bustanini, na angalau mita 25 kutoka zile kubwa zinazorusha mipira angani. Ua mwingi katika mitaa yetu haufikii mita 25 upande wowote, na hilo peke yake hutosha kuamua kwamba fataki za kurusha angani hupigwa uwanjani au hazipigwi.

Somo la San Diego

Wapo wanaosema kwamba kompyuta haikosei. Tarehe 4 Julai 2012 mji wa San Diego nchini Marekani uliandaa onyesho la fataki la takriban dakika 18, zikiwa maelfu kadhaa, zilizopangwa juu ya matishari baharini na kuongozwa kwa mawimbi ya redio na kompyuta. Dakika chache kabla ya saa iliyopangwa, mfumo ulituma amri zote kwa mkupuo. Fataki za dakika 18 ziliwaka ndani ya nusu dakika hivi, anga ikawa nyeupe, kisha giza likarudi. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wataalamu wenye uzoefu wa miaka mingi, na walikuwa wameweka mfumo wa akiba kwa tahadhari. Kosa lilitokana na jinsi faili la mfumo mkuu na la akiba yalivyounganishwa.

Hakuna aliyejeruhiwa. Matishari yalikuwa mbali na watu, na hakuna aliyekuwa amesimama juu ya nyaya wakati amri ilipokuja. Umbali uliwekwa kana kwamba mfumo ungekosea, nao ukakosea. Kipimo hicho ndicho kinachofaa hata kwa boksi moja la fataki katika uwanja wa shule ya kata: jiulize, kila kitu kikiwaka sasa hivi, kwa pamoja, nani atakuwa wapi?

Cheche “baridi” ndani ya ukumbi

Fataki zinazotumika zaidi harusini kwetu ni chemchemi za cheche, ambazo huwekwa pande mbili za njia wanapoingia maharusi au kuzunguka keki. Wauzaji huziita baridi. Zipo za mkebe, zenye dawa inayowashwa na njiti ya umeme kwa rimoti, na zipo mashine zinazopasha moto chembechembe za madini kama titani na kuzirusha juu kwa feni. Ni kweli kwamba cheche zake hupoa upesi hewani, na mkono ukipita mbali na chanzo huenda usiungue. Lakini mdomo wa mkebe au wa mashine ni moto wa kuyeyusha plastiki, na cheche zinazoangukia kitambaa chepesi huwa hazijapoa zote.

Sasa tazama ukumbi wenyewe ulivyo. Dari imefunikwa vitambaa vyepesi, nguzo zimezungushiwa maua ya plastiki, nyuma ya meza kuu kuna pazia lenye taa, na kuta za baadhi ya kumbi zimebandikwa sponji ili muziki usisikike nje. Mlango ulio wazi ni mmoja. Wa nyuma umefungwa kwa kufuli ili wasiingie wasioalikwa. Usiku wa tarehe 20 Februari 2003, katika mji wa West Warwick nchini Marekani, cheche za jukwaani ziliwasha sponji za ukutani katika ukumbi wa muziki wa namna hiyo, na watu 100 wakafa. Tarehe 27 Januari 2013, katika mji wa Santa Maria nchini Brazili, mwanamuziki aliwasha ndani ya klabu fataki iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje. Sponji ya dari ilishika moto, moshi wenye sumu ukajaza chumba, na watu 242 wakapoteza maisha, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu. Wengi waliuawa na moshi kabla mwali haujawafikia.

Jirani zetu wa Kampala walipata msiba wa namna nyingine bila moto wowote. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, watu waliokuwa katika jengo la maduka la Freedom City waliitwa kwenda nje kutazama fataki za mwaka mpya. Wakasukumana katika njia nyembamba, na watu wasiopungua tisa wakafa, wakiwemo watoto. Fataki ziliwaka vizuri kabisa. Mwenye ukumbi anayesoma habari hizi ana jambo la kufanya kabla ya Jumamosi ijayo: afungue kufuli la mlango wa nyuma, na amweke hapo mlinzi wa kuzuia wasioalikwa badala ya kufuli.

Majira ya Tabora

Hali ya hewa ya kwetu ina hatari mbili zinazopokezana. Kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati wa kiangazi, ndipo mavuno yamekwisha na harusi ni nyingi. Ndipo pia nyasi za miombo zinapokuwa kavu na moto kichaa unapotembea. Risasi moja ya fataki ikivuka paa la ukumbi yaweza kuangukia nyasi mita 100 na zaidi kutoka hapo. Kwa wakazi wa Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui, wenye mizinga ya nyuki porini, mabani ya tumbaku na nyumba zilizoezekwa kwa nyasi, hasara ya cheche moja haimwishii mwenye sherehe. Wajenzi wa tembe waliezeka kwa udongo, kama inavyoonekana hadi leo katika tembe la Livingstone pale Kwihara, na paa la udongo halishiki moto kwa cheche. Paa la nyasi la jirani halina kinga hiyo. Katika vijiji vya namna hii ushauri wetu ni mkali: kuanzia Julai hadi mvua za kwanza, fataki za kurusha angani zisipigwe kabisa, hata kama zimenunuliwa na kamati imekwisha lipa.

Kuanzia Novemba mvua hurudi, na pamoja nayo radi. Mkesha wa mwaka mpya huangukia katikati ya msimu huo. Njiti ya umeme huhitaji umeme kidogo sana, na nyaya ndefu zilizotandazwa uwanjani huweza kuupokea kutoka radi iliyopiga mbali. Ukisikia ngurumo wakati wa kupanga, acha kazi, ondoka, usirudi kukusanya nyaya. Redio za mkononi za walinzi nazo ziwekwe mbali na nyaya hizo.

Vibali na ofisi zinazohusika

Watu wengi hudhani kwamba kibali cha sherehe kinachopatikana kupitia ofisi ya mtendaji wa kata kinatosha. Kibali hicho huhusu mkusanyiko, muziki na saa za kufunga. Hakigeuki kuwa kibali cha fataki, hata kama neno “burudani” limeandikwa ndani yake. Fataki ni mali ya Sheria ya Baruti, Sura ya 45, ya mwaka 1963, na usimamizi wa baruti nchini uko chini ya Tume ya Madini. Swali la kwanza la mwananchi anayetaka kununua, kuhifadhi au kupiga fataki lipelekwe kwa Afisa Madini Mkazi, na Jeshi la Polisi wilayani lijulishwe na kuridhia. Kila mwaka unapokaribia mwisho, Jeshi hilo hutangaza kwamba kupiga fataki bila kibali ni marufuku. Tangazo hilo halitofautishi kiberiti na rimoti.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa mamlaka liliyopewa na sheria ya mwaka 2007, hukagua majengo ya umma na kushauri juu ya njia za kutokea na vizima moto. Mwenye ukumbi anayeruhusu cheche ndani anapaswa kuwa na majibu ya ukaguzi huo mkononi. Kelele nazo zina kanuni zake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na jirani mwenye mgonjwa au mtoto mchanga ana haki ya kulalamika. Ni adabu, tena ni busara, kumpelekea taarifa siku mbili kabla. Mifugo ifungwe, na mbwa aingizwe ndani.

Anayeandika maombi ataokoa muda akieleza mapema mahali penyewe na mchoro wake, tarehe na saa, idadi na aina ya fataki kama ilivyoandikwa kwenye maboksi, jina la mwashaji na uzoefu wake, namna ya kuwasha, chanzo cha maji kilicho karibu, na mahali fataki zitakapohifadhiwa kabla ya siku hiyo. Mahali hapo pasiwe stoo ya mafuta ya taa, jikoni, wala chini ya kitanda cha bwana harusi, ambako maboksi ya namna hiyo hufichwa mara nyingi ili watoto wasiyaone. Watoto huyaona.

Ajali ikitokea

Moto ukianza, piga 114, namba ya dharura ya Zimamoto, kabla ya kujaribu kuuzima kwa matawi. Taja kata, mtaa, na jengo linalojulikana, kwa maana gari haliwezi kufuata maelekezo ya “nyuma ya ukumbi mpya”.

Aliyeungua amwagiwe maji safi yenye ubaridi wa kawaida kwa dakika 20, si barafu. Dawa ya meno, mafuta ya kula na unga wa ngano visipakwe. Asali ya Tabora ni nzuri, lakini mahali pake dakika hizo si juu ya jeraha. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Jicho lililopigwa lisisuguliwe wala kubanwa. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, kama kikombe kisafi cha plastiki, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, ndiyo ya karibu kwa wakazi wa manispaa na maeneo yanayoizunguka. Walio upande wa Igunga wana hospitali ya Nkinga.

Limebaki jambo la asubuhi yake, ambalo mara nyingi huachiwa watoto. Mapema alfajiri wao ndio wa kwanza kufika uwanjani, wakiokota mabomba ya makaratasi na kutafuta yaliyobaki na dawa. Kamati imteue mtu wa kuzunguka uwanja usiku uleule kwa tochi ya umeme, na tena kunapopambazuka. Mabaki yote yalowekwe katika ndoo ya maji hadi kesho yake, yafungwe katika mfuko, na yakabidhiwe kwa wazoa taka wakielezwa ni nini. Yasichomwe shimoni pamoja na taka nyingine. Fataki nzima ambayo haikuwaka, hata baada ya kulowa, isitupwe. Mwashaji aliyetajwa katika kibali ndiye anayepaswa kuirudisha kwa aliyemuuzia au kuikabidhi polisi.